Choo Kijijini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kando ya Ziwa Victoria

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kwenye mikutano ya vijiji, foleni za zahanati na mialo (vituo vya ufukweni vya kushushia samaki) ya mkoa wa Mwanza, kuanzia Magu na Misungwi hadi Sengerema, Buchosa na visiwa vya Ukerewe. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi magumu. Kama jambo limeshaelezwa kwingine, tumetaja namba ya swali.

Hesabu ya vyoo vilivyojengwa haituambii mengi. Kinachosema ukweli ni choo cha pili, yaani kile ambacho kaya inachimba baada ya cha kwanza kujaa au kubomoka, bila kusukumwa na mtu. Majibu mengi hapa chini yanaelekea huko.

## Mambo ya msingi

1. Choo bora ni kipi? Lazima kiwe cha tofali na bati?

Si lazima. Choo bora ni kile kinachokitenga kinyesi kisifikiwe na watu, nzi, kuku wala maji ya mvua. Kiwe na sakafu imara inayosafishika, tundu linalofunikwa, kuta zinazositiri, mlango, paa la kuzuia mvua, na mahali pa kunawa mikono kwa sabuni. Kuta za matete au udongo zinakubalika, na paa la nyasi pia.

Tunaona kaya nyingi zikimaliza pesa kwenye kuta za tofali za kuchoma, halafu sakafu ikabaki ya miti na udongo. Baada ya misimu miwili miti imeoza na watoto wanaogopa kuingia. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, iende kwenye sakafu.

2. Babu zetu walikwenda porini na waliishi. Kuna ulazima gani sasa?

Pori walilokwenda babu zetu halipo tena. Kaya zimesogeleana, na kichaka alichokiendea mtu mmoja leo kinaendewa na kitongoji kizima, mita chache kutoka kwenye kisima. Hata zamani gharama ililipwa, na walioilipa zaidi ni watoto wadogo waliokufa kwa kuhara.

Wala si jambo jipya lililoletwa juzi. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa vikundi vya kusikiliza redio na kuwafikia watu wapatao milioni 2. Mwaka 2017 ikaja Nyumba ni Choo. Muulize mzee yeyote aliyechimba mwaka 1973 shimo lake lilikuwa wapi, kisha umuulize ni nani alichimba lililofuata. Mazungumzo mazuri ya kijiji huanzia hapo.

3. Kila mwaka watoto wanameza dawa za kichocho shuleni. Mbona kinarudi?

Kwa sababu dawa inaua minyoo iliyokwisha kukomaa mwilini, lakini haizuii mtu kuambukizwa tena kesho yake. Kichocho kinachosumbua zaidi mwambao wa ziwa ni kile cha tumbo. Mayai yake hutoka na kinyesi. Kinyesi kikifika majini, mayai huanguliwa, na vijidudu vinavyotoka huingia kwenye konokono wadogo wa majini na kuzaliana humo kwa wiki kadhaa. Kisha hutoka kwa maelfu, vikisubiri ngozi ya mtu: mvuvi anayesukuma mtumbwi, mama anayeosha vyombo, mtoto anayeogelea mchana.

Kwa hiyo, kaya kumi zikiwa na choo na mbili zikaendelea kujisaidia mateteni, konokono wataendelea kuambukizwa kutokana na hizo mbili. Ndiyo maana suala la choo haliwezi kuwa la mtu binafsi mahali kama kwetu. Anayepuuza kwa miaka mingi anaweza kuharibika ini na wengu, na mwisho akatapika damu. Hospitali ya rufaa ya Bugando inawapokea wagonjwa wa namna hiyo.

Kaya inayooga maji ya ziwa inaweza kuyateka na kuyaacha kwenye chombo safi kwa siku mbili kabla ya kuyatumia. Vijidudu vya kichocho vikikosa ngozi ya kuingia hufa katika muda huo. Hilo haliyafanyi yawe salama kwa kunywa. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.

Vijiji vilivyo mbali na ziwa, kama vya Kwimba, vina kichocho cha mkojo kinachopatikana kwenye mabwawa na malambo. Huko hata kukojoa majini ni kueneza ugonjwa.

4. Ziwa ni kubwa hivi. Si linajisafisha lenyewe?

Katikati, labda. Lakini sisi hatuchoti maji katikati. Tunachota, tunaoga na kuanika dagaa pale pale ufukweni, ambako maji yana kina kifupi, yametulia, yana magugu na konokono. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila kilichoachwa nyuma ya mawe na kwenye matete kinashuka hadi hapo.

## Kuchimba na kujenga

5. Kwetu ni mchanga wa ziwani. Shimo linabomoka au linajaa maji kabla ya mwaka kwisha. Tufanyeje?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi kuliko yote, na ndiyo sababu kubwa ya watu kukata tamaa.

Anza na umbo. Shimo la duara linahimili msukumo wa mchanga kuliko la pembe nne. Kisha litiwe ukuta wa ndani. Tofali za kuchoma zilizopangwa kwa duara, huku zikiachiwa nafasi ndogo sehemu ya chini ili maji yanywee, hudumu miaka mingi. Pete za zege ni bora zaidi kwa anayeweza. Mapipa yaliyotobolewa hutumika sana mialoni, ingawa kutu huyala. Asiye na chochote anaweza kusuka fito kama tenga refu na kulishusha shimoni. Litampa misimu michache, naye ajue hivyo tangu mwanzo ili ajiandae.

Tatizo la pili ni maji ya chini. Watu wengi huchimba Agosti na Septemba, wakati ardhi imekauka, wanafika mita tatu wakiwa pakavu na kufurahi. Aprili maji yanapanda na kinyesi kinaelea. Kabla ya kuchimba, tazama kisima cha jirani wakati wa masika, au muulize anayekitumia maji hufika wapi. Chini ya shimo lako pawe juu ya kiwango hicho kwa mita moja na nusu hadi mbili.

Kama hesabu hiyo inakuachia shimo la nusu mita tu, usichimbe zaidi. Jenga kwenda juu: ukuta wa duara uinuke juu ya ardhi, uzungushiwe udongo ulioshindiliwa, sakafu ikae juu yake, na uweke ngazi. Kitaonekana kirefu, lakini masika kitakuwa bado kinatumika.

6. Na sisi wa mbuga?

Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na mpasuko huo ndio unaovunja kuta. Kama eneo lako lina sehemu ya luseni (udongo wa kichanga), hamishia choo huko hata kama ni mbali kidogo. Kama ni mbuga tupu, jengea tofali walau mita ya juu ya shimo, inua sakafu juu ya ardhi, na uchimbe mfereji wa kuyapitisha maji ya mvua pembeni. Maji ya kuoga yasiingie shimoni kabisa (swali la 13).

7. Tuko juu ya mwamba. Jembe halipiti.

Mawe ya Mwanza yanajulikana. Chimba unakofika, hata kama ni mita moja, kisha inua kuta za mawe na saruji kama ilivyoelezwa kwenye swali la 5. Kwa kuwa shimo litakuwa dogo, ni busara kujenga mawili yanayopokezana: moja likijaa unalifunika na kuhamia la pili. Uangalifu unahitajika kwenye nyufa. Maji machafu hupita kwenye ufa wa mwamba kwa kasi kuliko kwenye udongo, kwa hiyo usijenge upande wa juu wa chemchemi ambayo watu wa chini wanaichota.

8. Choo kikae umbali gani?

Mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Kutoka ziwani, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Na nyumbani kisiwe mbali mno: choo ambacho mama au binti anaogopa kukiendea saa nane za usiku hakitatumika usiku, na asubuhi utakikuta kinyesi nyuma ya nyumba.

9. Shimo liwe na kina gani, na litajaa baada ya muda gani?

Mtu mmoja huacha wastani wa lita 40 hadi 60 za uchafu mgumu kwa mwaka, maji yakiwa yamenywea. Chukua kaya ya watu 6 kwa lita 50 kila mmoja: ni lita 300 kwa mwaka. Shimo la duara lenye upana wa mita 1 na kina cha mita 3, ukiacha nusu mita ya juu, linabeba karibu lita 2,000. Linafika miaka 6 na nusu.

Wanaojisafisha kwa magunzi au mawe, na wanaotupa taka humo, wanaweza kulijaza kwa karibu nusu ya muda huo. Tunashauri hesabu hii ifanyike siku ya kuchimba, na mwaka unaotarajiwa uandikwe ukutani kwa mkaa. Kaya inayojua kwamba shimo lake litajaa 2031 haishtuki likijaa.

10. Sina pesa ya saruji.

Zege la choo kizima si lazima. Kibamba kidogo cha sentimita 60 kwa 60, unene wa sentimita 5, kikiwa na tundu na sehemu za kukanyaga, kinalazwa katikati ya sakafu ya magogo na udongo. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa vibamba 5 au 6 kwa uhakika, kwa hiyo kaya tano zinaweza kuchangia mfuko mmoja na fundi mmoja. Kimwagiliwe maji kwa wiki nzima kabla ya kubebwa. Wanaokibeba siku ya pili hukivunja njiani. Upana wa tundu usizidi sentimita 18, ili hata mtoto mdogo aone kwamba hawezi kutumbukia.

Msimu nao una maana. Kuomba mchango Januari, watu wakiwa wamemaliza akiba na kulipa ada, ni kujisumbua. Pesa ya pamba na mpunga ikishaingia, na kabla haijapata kazi nyingine, ndipo vikundi vya kuweka na kukopa vinapoweza kutenga fungu la vyoo.

11. Mchwa wanakula miti ya choo kila mwaka.

Miti isiguse udongo. Iegemeze juu ya mawe au tofali, na sehemu ya chini ya kuta iwe ya tofali au mawe. Njia za mchwa zikionekana ukutani, zivunje siku hiyo hiyo. Zaidi ya hapo, rudi swali la 10: kibamba cha zege hakiliwi.

## Kukitumia na kukitunza

12. Choo kinanuka na kina nzi wengi. Watu wanaona porini ni kusafi zaidi.

Malalamiko haya ni ya haki, na kuyajibu kwa hotuba ya afya ni kumkosea mtu. Choo kinachonuka hakitumiki.

Kwa choo cha kawaida, mwaga majivu kila siku, funika tundu kila baada ya kutumia, na osha sakafu kwa maji machache. Mfuniko uwe na mpini mrefu ili mtu asiuguse kwa kuinama.

Kwa choo chenye bomba la hewa mambo ni tofauti, na hapa wengi hukosea. Bomba la inchi 4 au 6 lipande nusu mita juu ya paa, likiwa na wavu wa nzi juu, na chumba kiwe na giza. Upepo ukipita juu ya bomba unavuta hewa kutoka shimoni. Nzi waliomo hufuata mwanga wa juu na kunaswa kwenye wavu. Choo cha namna hii tundu lake HALIFUNIKWI, maana ukilifunika hewa haipiti. Wavu ukichanika, bomba halizuii tena nzi, kwa hiyo ukaguliwe kila mwaka.

Njia ya tatu ni kisinki cha plastiki chenye kilango kinachojifunga chenyewe, ambacho madukani wengi hukiita Sato. Maji kidogo yanatosha kukisukuma, nacho kinazuia nzi na harufu vizuri. Kwa mwambao, ambako maji si shida, tunakipendekeza.

13. Tunaruhusiwa kuoga ndani ya choo?

Kwenye mwamba au udongo mgumu haina madhara makubwa. Kwenye mchanga na mbuga, hapana. Tengeneza kibafu pembeni chenye sakafu ya mawe, na maji yake yaelekee kwenye migomba.

14. Kibuyu chirizi (dumu la kunawia mikono linaloning'inizwa karibu na choo) hakidumu. Sabuni inaibwa, mbuzi wanaangusha dumu, mwishowe tunaacha.

Kweli, na hili ndilo jambo linalokufa mapema kuliko yote. Plan International ilichapisha mwaka 2013 utafiti wa vijiji vya Ethiopia, Kenya, Uganda na Sierra Leone vilivyokuwa vimetangazwa kuwa havina tena watu wanaojisaidia ovyo. Asilimia 87 ya kaya bado zilikuwa na choo kinachofanya kazi. Lakini vilipopimwa kwa vigezo vyote vilivyotumika siku ya kutangazwa, pamoja na kunawa mikono, ni kaya chache sana zilizofaulu.

Kinachosaidia ni mambo madogo. Toboa sabuni uifunge kamba. Weka dumu juu kuliko shingo ya mbuzi. Mpe mtoto mmoja jina la kazi hiyo, awe ndiye anayejaza maji kila jioni. Sabuni ikiisha, majivu yanafaa. Na kibuyu kikae njiani kati ya choo na nyumba, kisiwe nyuma ambako hakuna anayekiona.

15. Kinyesi cha mtoto mchanga hakina shida, sivyo?

Kina shida, tena kubwa. Watoto wadogo ndio wanaohara mara nyingi zaidi, na kinyesi chao hubeba vimelea vingi. Mayai ya minyoo ya tumbo yanaweza kukaa kwenye udongo kwa miaka. Mtoto atumie poti au karatasi, na kinachotoka kitupwe chooni, kisiachiwe mbwa. Maji ya kufulia nepi nayo yasimwagwe ufukweni.

16. Kwa mila zetu, mkwe hawezi kuingia choo kimoja na baba mkwe.

Tumesikia maofisa wakiwafokea wazee kwa hili, na matokeo yake ni kwamba mwanamke anaendelea kwenda mateteni gizani. Heshima hii ni ya kweli kwa watu wetu na inaweza kulindwa ndani ya choo.

Suluhisho linalokubalika mara nyingi ni vyumba viwili vilivyopeana mgongo, kila kimoja na mlango na njia yake, ili wawili hao wasionane wakiingia wala kutoka. Familia nyingine zinaridhika shimo likiwa moja chini ya vyumba viwili, nyingine zinataka mashimo mawili. Waulize wazee wa ukoo kabla ya kuchimba, wala usimwulize kijana peke yake. Mzee akishasema mbele ya wanawe kwamba jambo limekubalika, hakuna atakayelipinga.

17. Mjamzito anaogopa kuingia chooni. Ni imani tu?

Hofu ya kuanguka shimoni ina sababu, kama sakafu ni ya miti iliyooza. Tengeneza sakafu kwanza, ndipo uzungumze juu ya imani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii amtembelee mama nyumbani, aingie yeye mwenyewe mbele yake. Kwa wazee na walemavu, ongeza fimbo ya kushikilia ukutani na kiti chenye tundu ambacho fundi yeyote wa mbao anaweza kukitengeneza.

## Kijiji kizima

18. Kijiji chetu kilipewa cheti cha kutokuwa na watu wanaojisaidia ovyo. Baada ya miaka mitatu watu wamerudi porini. Kwa nini?

Mara nyingi si kwamba watu walibadili mawazo. Masika ya kwanza yalibomoa vyoo vya mchanga. Mashimo mafupi yakajaa. Vijana wakaoa, wakajenga vibanda vyao pembeni ya boma la baba bila choo. Wageni wakaja kwa ajili ya uvuvi au kilimo cha mpunga. Na walioendesha mkutano wa kuhamasisha kijiji, ule wa kuwachefua watu kwa kinyesi chao wenyewe, wakachora ramani ya kinyesi kwenye vumbi na kuondoka na picha, hawakurudi.

Kijiji kinachotaka kudumu kinahitaji mambo ya kawaida sana. Daftari la vyoo likae ofisini kwa mtendaji, likionyesha mwaka kila shimo linapotarajiwa kujaa (swali la 9). Mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya wapite Februari, kabla ya masika, na wapite tena mvua zikiisha. Anayepewa kiwanja achimbe choo kabla ya kuezeka nyumba. Taarifa ya vyoo isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila robo mwaka, pamoja na ile ya mapato na matumizi. Na kijiji kiwe na mafundi wake wawili watatu wanaojua kujengea shimo, maana fundi akitoka Mwanza mjini, choo cha pili hakitajengwa.

19. Tukitumia mgambo na faini, si kazi itaisha haraka?

Vyoo vitajengwa haraka, ndiyo. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ipo, na kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, ikapitishwa na halmashauri. Hatuzipingi. Lakini faini ikitangulia, watu hujenga choo cha kumwonyesha mtendaji. Utakitambua: buibui mlangoni, nyasi njiani, tundu kavu, na kufuli ambalo mwenye nyumba hajui ufunguo uko wapi.

Maoni yetu ni kwamba faini ibaki kwa mwenye uwezo aliyekataa baada ya kuelezwa, kusaidiwa na kupewa muda. Mwenye nyumba za kupanga asiye na choo ndiye wa kwanza kwenye orodha hiyo. Mjane anayelea wajukuu asitozwe hata senti. Vijana wa kitongoji wakichimba kwa siku mbili, kazi imekwisha.

20. Mwaloni tuna choo kimoja na watu mamia. Kinajaa kila mara na hakuna anayekisafisha.

Mwalo si kijiji cha kawaida, na mipango ya kaya haifanyi kazi pale. Wakati wa giza wavuvi wa dagaa wako ziwani usiku kucha. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazivuti dagaa, wote wanabaki nchi kavu kwa siku kadhaa, na choo kilichopangiwa watu wachache kinazidiwa. Shimo na idadi ya matundu vipimwe kwa umati wa siku za mbalamwezi.

Pili, choo cha wote bila mwenyewe hufa. Kilichodumu tunachokiona ni chenye mtunzaji anayelipwa, ama kwa senti chache za kila anayeingia, ama kwa fungu linalokatwa kwenye mapato ya mwalo kupitia BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo). Bei iwe ndogo kiasi kwamba baharia asione bora aende kwenye mawe. Wanawake wanaoanika dagaa wawe na upande wao wenye mlango unaofungwa kwa ndani, na taa usiku. Gharama ya kunyonya au kuhamisha shimo iwekwe kando tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu siku litakapojaa hakuna atakayechanga.

Dagaa wanaoanikwa juu ya mchanga ambao watu wamejisaidia jana ni chakula cha watu wa Mwanza, Dodoma na kwingine. Chanja za kuanikia husaidia, lakini haziondoi haja ya choo.

Walio mtumbwini wabebe ndoo yenye mfuniko na majivu kidogo, waimwage chooni wakirudi. Makambi yaliyozoea yanafanya hivyo bila shida.

21. Na shuleni?

Mwongozo wa taifa unataka tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Shule nyingi hazijafika huko. Wakati zinasubiri, wasichana wapate chumba chenye maji, mlango unaofungwa na pipa la taka za hedhi. Bila hivyo wanakosa masomo kila mwezi. Usafi wa vyoo usiwe adhabu. Mtoto anayeadhibiwa kwa kuosha choo hujifunza kwamba choo ni mahali pa aibu, na fundisho hilo hurudi naye nyumbani.

## Hali ngumu

22. Choo kimejaa. Tufanye nini?

Usisubiri kifike juu. Kikibakiza nusu mita, acha kukitumia, jaza udongo, shindilia na weka alama. Kibamba cha zege kinahamishwa, ndiyo faida yake nyingine. Gari la kunyonya majitaka halifiki vijiji vingi, na shimo lisilojengewa linaweza kuporomoka likinyonywa. Usimwajiri mtu kushuka ndani kwa miguu: hewa ya shimoni inaua.

23. Ziwa likipanda tena kama 2020?

Mwaka ule maji yalipita kiwango cha 1964 kilichokuwa kikikumbukwa na wazee, na vyoo vingi vya mwambao vikazama na vilivyomo. Ukiona maji yanasogea, usingoje yafike. Acha kutumia choo, mwaga chokaa, jaza udongo na ushindilie. Ondoa kibamba na miti. Chimba kipya juu zaidi, nje ya mita 60 (swali la 8), na kwa muda huo uombe kutumia cha jirani.

24. Kipindupindu kimeingia kijiji cha jirani.

Anayeharisha maji mfululizo apewe maji ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na apelekwe zahanati mara moja, hata usiku. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache. Kinyesi na matapishi vimwagwe chooni na kutiwa dawa ya klorini, kamwe visipelekwe ziwani. Nguo za mgonjwa zisifuliwe ufukweni. Asiye na choo achimbe shimo la muda siku hiyo hiyo na afukie kila mara. Mtendaji na afisa afya wa kata wapewe taarifa. Kuficha mgonjwa kwa kuogopa mwalo kufungwa kumewahi kugharimu familia nzima.

25. Wakati wa kilimo tunakaa mashambani miezi miwili. Huko hakuna choo.

Chimba shimo fupi la mita moja, weka kibamba au mbao, zungushia nyasi. Mwisho wa msimu fukia na panda mpapai au mgomba juu yake. Ni kazi ya nusu siku, na msimu ujao unasogea hatua chache pembeni.

26. Je, kinyesi kilichokwisha kukaa kinafaa kuwa mbolea?

Kinafaa, kikiwa kimefunikwa kwa miaka miwili kamili bila kuongezwa kipya, na shimo likiwa halina maji. Kitakuwa kama udongo na hakitanuka. Vaa viatu na glovu, kichanganye na udongo, kipeleke kwenye mashina ya migomba, miembe na miti ya mbao. Kwenye mchicha, nyanya na karoti usikitumie. Huko tumia samadi ya ng'ombe.